Ndege za Mizigo Zilitangulia: Historia na Dhima ya Usafirishaji wa Anga katika JWTZ

MAZINDE, TANGA. Mtu anaposimama kwenye genge la Irente, karibu na mji wa Lushoto, huiona Mazinde ikiwa chini yake, takriban mita 1,000 chini kuliko anaposimama. Huona mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, reli ya Tanga na Moshi, na barabara kuu iendayo Same. Kwa macho ni mwendo wa kutupa jiwe. Kwa gari, safari hiyohiyo humtaka msafiri ashuke kupitia Soni hadi Mombo, kisha afuate barabara kuu hadi Mazinde, mwendo wa zaidi ya kilometa 40, sehemu kubwa ikiwa ya kona kali kandokando ya mto.

Umbali huo mfupi kwa macho na mrefu kwa gurudumu unaeleza kwa nini Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linatunza uwezo wa kusafirisha watu na shehena kwa njia ya anga. Mvua za vuli au za masika zinapoporomosha udongo juu ya barabara ya milimani, mgonjwa, mama mjamzito na kijiji kilichoishiwa chakula hubaki upande wa pili. Wananchi wengi huifahamu ndege ya jeshi kama chombo cha vita. Historia ya jeshi la anga la nchi hii inaonesha kwamba ndege za kwanza zilizoundiwa kikosi zilikuwa za kubeba watu na mizigo, na ndege za kivita zilifuata miaka kadhaa baadaye.

Milima ya Usambara na adha ya usafiri

Tatizo la kuvuka genge la Usambara ni la kale. Katika karne ya 19 Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, aliweka makao yake Mazinde, chini ya milima, badala ya kukaa juu Vuga kulikokuwa makao makuu ya ufalme wa Wasambaa. Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na aliyeishika njia aliishika biashara. Waliokaa juu walikuwa na ngome ya asili, lakini bidhaa zilipita chini.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, reli iliyojengwa kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na baadaye kuendelea hadi Moshi. Hata hivyo reli ilipita bondeni, na miti ya mwangati iliyotakiwa kwa mbao ilikuwa juu, katika misitu ya Shume. Wenye kiwanda cha mbao walijenga njia ya kamba za chuma iliyopita angani, yenye urefu wa takriban kilometa 9, kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, jirani na Mazinde. Magogo yaliteremshwa yakiwa yananing'inia juu ya mabonde ambayo mkokoteni usingeweza kuyapita. Hiyo ilikuwa kazi ya kibiashara, wala haikuhusiana na jeshi. Hata hivyo ilionesha mapema kwamba katika ardhi ya namna hii, pale ardhini panapokataa, njia hutafutwa juu.

Safari ya mwaka 1917 iliyoishia njiani

Wazo la kusafirisha shehena ya kijeshi kwa anga kuja katika nchi hii nalo lina umri wa zaidi ya karne moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yalishuka kando ya reli ya Usambara katikati ya mwaka 1916. Mwezi Juni mwaka huo yaliiteka Wilhelmstal, mji ambao leo unaitwa Lushoto. Tanga ikafuata mwezi Julai. Majeshi ya Ujerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalipoteza reli na bandari, yakasukumwa kusini, na kubaki bila njia ya kupata risasi na dawa kutoka nje.

Ujerumani iliamua kujaribu anga. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha anga kilichojazwa gesi, kilichojulikana kwa namba L 59, kiliruka kutoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za risasi, bunduki, dawa na vifaa vingine. Haikutarajiwa kwamba chombo hicho kingerudi. Kilipangwa kibomolewe baada ya kutua, kitambaa chake kishonwe mahema na mavazi, na vyuma vyake vitumike katika ujenzi. Kiliivuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Misri, kikafika anga la Sudan. Huko kilipokea kwa redio amri ya kurudi, kikageuza. Kilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya kukaa hewani saa 95 na kusafiri zaidi ya kilometa 6,700.

Shehena haikufika, lakini safari hiyo ilibakiza somo ambalo wapangaji wa usafirishaji wa anga hulizingatia hadi sasa. Kuwa na chombo kinachoweza kuruka mbali hakutoshi. Ni lazima pawepo mahali salama pa kutua, taarifa sahihi kutoka kwa wanaosubiri, na mawasiliano kati ya anga na ardhi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua hata leo iwapo helikopta itatua katika kijiji kilichozingirwa na maji au itageuza.

Kutoka maasi ya 1964 hadi jeshi jipya

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilirithi jeshi dogo la askari wa miguu, bila kikosi cha anga. Udhaifu huo ulionekana Januari 1964. Tarehe 20 mwezi huo askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi, na maasi yakaenea hadi Tabora na Nachingwea. Serikali iliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomandoo walisafirishwa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur iliyokuwa baharini, wakateremshwa karibu na kambi hiyo, na maasi yakazimwa kwa muda mfupi.

Kwa taifa changa lililokuwa na umri wa miaka miwili, tukio hilo liliacha uchungu. Lilionesha pia kwamba nchi yenye eneo la takriban kilometa za mraba 945,000, ikihesabiwa pamoja na Zanzibar, isingeweza kulindwa na askari wasioweza kupelekwa haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. JWTZ ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964 ikiwa jeshi jipya lenye misingi mipya, na uundaji wa kikosi cha anga ukawa sehemu ya mpango huo.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Ujerumani Magharibi ilikubali kusaidia kuanzisha kikosi hicho. Mapema mwaka 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, baada ya Tanzania kuruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Julius Nyerere alikataa msaada utumike kuichagulia Tanzania marafiki, na nchi ikatafuta mshirika mwingine. Kanada, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imeanza kutoa mafunzo kwa jeshi la nchi kavu, ilikubali kusaidia pia upande wa anga. Wakufunzi wake waliendelea na kazi nchini hadi mwaka 1970.

Kwa nini ndege za mizigo zilitangulia

Ndege zilizokuja chini ya mpango wa Kanada zilikuwa hasa za aina mbili, zote za kiwanda cha de Havilland Canada. Ya kwanza ni Otter, ndege ya injini moja inayobeba abiria wapatao 10. Ya pili ni Caribou, ndege ya injini mbili inayoweza kubeba askari zaidi ya 30 au shehena ya takriban tani 3.6. Caribou ina mlango mpana nyuma unaoteremka kama daraja, hivyo gari dogo huweza kuingia na kutoka kwa magurudumu yake, na mizigo kupakuliwa bila winchi wala jukwaa.

Sifa kubwa ya ndege hizo ilikuwa kuruka na kutua katika njia fupi. Caribou huweza kuondoka kwenye njia isiyofika mita 400, tena ya udongo au majani. Katika miaka ya 1960 barabara za lami zilikuwa chache, na wilaya nyingi hazikufikika msimu wa mvua. Ndege ya namna hiyo iligeuza uwanja wa wazi, uliofyekwa na kusawazishwa, kuwa kituo cha usafiri. Njia ndefu ya lami, ambayo ndege ya kivita yenye injini ya jeti huihitaji, ilikuwa katika viwanja vichache tu.

Kikosi hicho kilijulikana kwa jina la Kiingereza la Air Wing, jina ambalo limebaki midomoni mwa wakazi wa Dar es Salaam. Eneo la Ukonga, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, linaitwa Airwing hadi leo, na wengi wanaoshuka hapo kwenye daladala hawajui kwamba jina hilo linatokana na kikosi hicho cha anga.

Ndege za kivita zilikuja katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano na China, ambayo pia ilisaidia kujenga kituo cha anga cha Ngerengere mkoani Morogoro. Muundo wa jeshi la anga ulikua kwa hatua, na leo Kamandi ya Jeshi la Anga ni miongoni mwa kamandi za JWTZ, sambamba na Kamandi ya Jeshi la Nchi Kavu na Kamandi ya Jeshi la Wanamaji. Usafirishaji uliendelea kuwa nguzo mojawapo. Baada ya Caribou zilikuja ndege za Buffalo, za kiwanda hichohicho na zenye nguvu zaidi, na baadaye ndege za usafirishaji kutoka China.

Vita vya Kagera na kipimo cha uwezo

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa vita ni zaidi ya kilometa 1,000, na wakati huo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya vumbi, ikigeuka tope mvua inaponyesha. Askari wengi, mizinga na chakula vilipelekwa kwa treni, malori na meli za Ziwa Victoria, na magari mengi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yaliingizwa katika kazi hiyo. Mwanza, penye uwanja wa ndege na bandari, ikawa kituo muhimu cha nyuma. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Vita hivyo vilithibitisha kanuni ambayo kila kikosi cha usafirishaji wa anga duniani hufanyia kazi: uzito mkubwa hupita ardhini na majini, na anga huachiwa kile kisichoweza kusubiri. Hesabu yake ni nyepesi. Lori moja kubwa hubeba takriban tani 30. Ndege ya kiasi cha Caribou ingelazimika kwenda na kurudi zaidi ya mara nane kuubeba mzigo huo, kila mara ikitumia mafuta, saa za injini na saa za marubani. Ipo mifano ya nchi kubwa kulisha mji mzima kwa anga. Kati ya Juni 1948 na Septemba 1949 ndege za Marekani, Uingereza na washirika wao zilipeleka zaidi ya tani milioni 2 za makaa ya mawe, chakula na bidhaa nyingine Berlin Magharibi, baada ya njia za ardhini kufungwa. Kazi hiyo ilihitaji safari zaidi ya 270,000. Hakuna wilaya inayoweza kutegemea usafiri wa namna hiyo badala ya barabara.

Hata hivyo tani chache zilizofika kwa wakati zina thamani kubwa. Tani 3.6 za unga, kwa kipimo cha nusu kilo kwa mtu kwa siku, hutosha watu 7,200 kwa siku moja. Ndege moja huweza kuvusha siku ambayo barabara inafunguliwa.

Dhima ya usafirishaji wa anga kwa sasa

Katika wakati wa amani, kazi za vikosi vya usafirishaji wa anga ni za aina nne kuu. Ya kwanza ni kusafirisha askari na zana kwenda katika mazoezi, operesheni na maeneo ya mipakani. Ya pili ni kuhamisha majeruhi na wagonjwa kutoka mahali pasipo na huduma za rufaa. Ya tatu ni kutafuta na kuokoa, pamoja na kukagua kutoka juu maeneo yaliyoathirika ili kamati za maafa zijue ukubwa wa tatizo. Ya nne ni kupeleka misaada ya kibinadamu ndani na nje ya nchi.

Kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji Machi 2019 na kuathiri pia Malawi na Zimbabwe, Tanzania ilipeleka dawa na chakula, na ndege za JWTZ zilitumika katika kazi hiyo. Kimbunga Freddy kilipoleta mafuriko na maporomoko ya udongo kusini mwa Malawi Machi 2023, Tanzania ilituma helikopta mbili za jeshi pamoja na wataalamu kusaidia kufikia watu waliokuwa wamezingirwa na maji, sambamba na msaada wa unga, mablanketi na mahema.

Umuhimu wa kuhamisha majeruhi kwa anga ulidhihirika kwa uchungu tarehe 7 Desemba 2017, pale kambi ya walinda amani wa Tanzania ilipovamiwa huko Semuliki, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Askari 14 wa Tanzania walipoteza maisha na wengine wengi kujeruhiwa. Katika eneo hilo la msitu, barabara zikiwa mbovu na hatari, ndege za Umoja wa Mataifa ndizo zilizowawahisha majeruhi hospitalini.

Nyumbani, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu 89 katika mji wa Katesh na vijiji jirani mkoani Manyara, na JWTZ ilishiriki katika uokoaji. Karibu zaidi na Usambara, maporomoko ya udongo katika kitongoji cha Goha, Same, mwezi Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya 20. Milima ya Pare na ya Usambara ina miteremko mikali, mvua nyingi na mashamba yaliyolimwa hadi karibu na vilele. Wakazi wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe hawana sababu ya kuyatazama matukio hayo kama ya mbali.

Kuruka milimani kuna mipaka yake

Mwananchi aliyekwama juu ya mlima huweza kujiuliza kwa nini helikopta haijafika ilhali mvua imekatika. Jibu mara nyingi liko katika hewa yenyewe. Kadiri ardhi inavyoinuka, hewa huwa nyepesi, na mapangaboi ya helikopta hupata nguvu ndogo zaidi ya kuinua. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Helikopta inayoweza kuondoka Mazinde bondeni ikiwa na mzigo kamili huenda ikalazimika kupunguza mzigo huo ili itue na kuruka salama Lushoto, penye mwinuko wa takriban mita 1,400, au katika vijiji vya juu zaidi kuelekea msitu wa Shagayu.

Jambo la pili ni mawingu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda na kugeuka ukungu, hasa asubuhi na msimu wa mvua. Rubani asiyeuona mteremko ulio mbele yake haruhusiwi kubahatisha. Jambo la tatu ni upepo wa magenge. Mahali kama Irente, hewa inayovuka ukingo wa mlima huweza kushuka ghafla na kukisukuma chombo chini. Kwa sababu hizo rubani hutegemea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na uamuzi wa kuruka au kusubiri hubaki mikononi mwake pamoja na makamanda wake.

Hapo ndipo umuhimu wa tambarare ya Mazinde unapojitokeza tena, kama ilivyokuwa zama za misafara. Ukanda ulio kati ya mguu wa milima na Bonde la Mkomazi una barabara kuu, reli na ardhi tambarare. Malori huweza kuleta shehena nzito hadi chini ya milima, na helikopta zikabaki na kazi ya kuvuka genge tu, safari ya dakika chache, badala ya kutumia mafuta kubeba kila kilo kutoka mbali. Mpango wa namna hiyo, wa ardhi na anga kugawana kazi, ndio unaookoa muda na gharama.

Nani huomba ndege

JWTZ inafanya kazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na miongoni mwa majukumu yake ni kusaidia mamlaka za kiraia wakati wa maafa. Chombo cha jeshi hakiendi mahali kwa simu ya mtu mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji hadi ya taifa. Kijiji kinapopata janga, taarifa hupelekwa ngazi ya kata, kisha wilaya, ambako Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati. Uwezo wa wilaya ukizidiwa, maombi huenda mkoani, na hatimaye Ofisi ya Waziri Mkuu huratibu msaada wa vyombo vya taifa, likiwemo jeshi.

Utaratibu huo una sababu. Helikopta ni chache kuliko mahitaji, na mvua kubwa huathiri wilaya nyingi kwa wakati mmoja. Kamati yenye taarifa sahihi huwezesha chombo kutumwa kwanza penye uhai ulio hatarini zaidi. Taarifa inayosaidia ni ile inayotaja jina la kijiji na kitongoji, idadi ya watu waliokwama, wagonjwa na majeruhi wangapi, njia gani imekatika na mahali gani ni wazi pa kutua. Taarifa inayotia chumvi humwondolea nafasi mwenye shida kubwa zaidi mahali pengine.

Wajibu wa wananchi helikopta inapokuja

Helikopta hutengeneza upepo mkali unaoweza kung'oa mabati yaliyolegea na kurusha mawe madogo. Mapangaboi yanayozunguka kwa kasi, hasa lile dogo la mkiani, hayaonekani kwa urahisi. Ajali nyingi za watu walio ardhini hutokana na kukimbilia chombo kwa furaha au kwa hofu. Kamati za vijiji zinapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuchagua mapema eneo tambarare na la wazi, kama uwanja wa mpira wa shule, lisilo na nguzo za umeme, nyaya, miti mirefu au mashimo.

2. Kuondoa mabati, maturubai, nguo zilizoanikwa, mifuko ya plastiki na takataka, na kumwagia maji eneo lenye vumbi pale maji yanapopatikana.

3. Kuwaweka watu, watoto kwanza, pamoja na mifugo mbali na eneo la kutua, na kuwateua watu wachache wanaofahamika kulinda mpaka huo.

4. Kutokukaribia chombo hadi mhudumu wake atoe ishara. Anayeitwa hupita upande wa mbele, akiinama, mahali rubani anapomwona, na kamwe hapiti nyuma.

5. Mahali penye mteremko, kukifuata na kukiacha chombo kwa upande wa chini. Upande wa juu wa mteremko mapangaboi huwa karibu zaidi na kichwa cha mtu.

6. Kuwaandaa wagonjwa kabla chombo hakijatua, pamoja na karatasi zao za matibabu na ndugu mmoja wa kuwasindikiza iwapo mhudumu ataruhusu. Mizigo ya nyumbani hubaki, kwa kuwa kila kilo inayoongezwa hupunguza nafasi ya mtu.

7. Kuwa na daftari la majina ya waliopakiwa na misaada iliyopokelewa, ili familia zisipotezane na mgao uwe wa wazi.

Kamati za vijiji katika maeneo ya milimani zinashauriwa kukamilisha uteuzi wa maeneo ya kutua kabla ya kila msimu wa mvua, na kuziarifu ofisi za kata na wilaya mahali yalipo. Mwananchi anayeona nyufa mpya ardhini, miti inayoinama au chemchemi inayobadilika kuwa tope juu ya makazi yake, aondoke eneo hilo mara moja na kutoa taarifa kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Mtendaji wa Kata. Msaada wa haraka wa uokoaji unapatikana kwa kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au namba 112 ya Jeshi la Polisi.